Tulipoambiwa na Sisi ni Wabaguzi

Ukishakuwa katibu wa tawi unajua kikao gani kitakwisha kabla ya adhana ya magharibi na kipi kitakulaza na njaa. Kikao cha fedha ni kifupi kwa sababu fedha zenyewe hazipo. Kikao cha kwenda mkutano wa hadhara hurefushwa na ugomvi wa gari. Kikao kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuviandikia muhtasari kilizuka kwa maneno ya kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango. Ajenda ilikuwa imefika kwenye mengineyo, watu wameshaanza kutafuta viatu vyao, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, chama chetu kina ubaguzi. Na ushahidi ni mimi."

Chama sikitaji. Nikikitaja, nusu ya wasomaji wataacha kusoma na nusu watapiga makofi kabla sijamaliza. Ni chama cha upinzani, tawi la mjini Unguja, na wengi wetu asili yetu Pemba. Wazee wangu mimi walitoka Wete wakaja kujenga upande wa Mtoni. Baada ya uchaguzi wa 1995 nyumba yetu ilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na baba, aliyekuwa na kazi yake ya serikalini miaka nenda miaka rudi, akaambiwa asirudi tena. Nayasema haya mwanzo ili mtu asidhani tulikuwa hatujui ubaguzi ni nini. Tulikua nao ndani ya nyumba.

Kijana mwenyewe ni mzaliwa wa Kwahani. Babu yake mzaa baba alitoka Unyamwezini zama za Mwingereza, akabeba mizigo bandarini, akaoa Mtumbatu, akafa, kaburi lake liko Mwanakwerekwe. Kwa Kiswahili chake na kwa utani wake ni mtoto wa Ng'ambo asiye na shaka. Alikuwa nasi tangu enzi za kubandika karatasi ukutani usiku na kukimbia mbwa. Ila sura yake, kwa macho ya Kizanzibari yaliyozoea kupima pua na rangi kabla ya salamu, ni sura ya mtu wa Bara.

Kilichomleta pale ni orodha ya mawakala. Ilikuwa msimu wa uandikishaji kabla ya uchaguzi wa 2020. Jina lake lilikuwemo kwenye orodha ya kwanza, ya pili halimo. Aliuliza, akapewa majibu ya kuzungushwa: mara fomu zimejaa, mara wameamua wakubwa. Mwishowe mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, alimvuta pembeni akamwambia ukweli. "Wewe si mbaya, mwanangu. Lakini wakala wetu kazi yake kuwatambua mamluki. Tukikuweka wewe, watu wetu wenyewe watakudhania mamluki."

Kwa asiyekuwa wa huku nieleze kidogo. Kupiga kura Zanzibar hakutaki umri na uraia tu. Kunataka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kunataka ukaazi, na sheria zetu za uchaguzi kwa muda mrefu ziliuweka ukaazi huo kuwa miezi 36 mahali unapojiandikisha. Kunataka pia sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yako, akutambue. Hapo ndipo penye vita. Sisi tunaogopa watu wanaoletwa kutoka Bara kuja kupiga kura kisha warudi, ndio tunaowaita mamluki. Wenzetu wa chama tawala wanaogopa vijana wanaoletwa kutoka Pemba kujazwa kwenye majimbo ya Unguja. Kwa hiyo kila chama kinaweka wakala kituoni, kila wakala ana haki ya kuweka pingamizi, na sheha yuko katikati na daftari lake.

Nimewahi kuifanya kazi hiyo mwenyewe, kwenye uandikishaji wa nyuma, darasani kwenye skuli ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani. Aliingia mama mmoja kabeba mtoto mgongoni, vitambulisho vyake kavifunga kwenye nailoni na mpira juu yake. Akasema, "Naombeni kujiandikisha." Basi. Mwenzangu akanigusa mguu chini ya meza. Nailoni ilikuwa bado haijafunguliwa, hatujui jina lake, hatujui shehia yake, lakini sikio lilishamaliza kesi. Foleni ikasogea, akaja kijana anayeongea kwa kuvuta, Kipemba kile cha kaskazini, na hajafika nusu ya sentensi wakala wa upande wa pili akapaza sauti: "Huyo kaletwa!" Tulikaa meza moja, vyama viwili ambavyo havipeani mkono, tukifanya kazi ile ile kwa sikio lile lile. Yule mama, kwa taarifa yenu, alizaliwa Mnazi Mmoja, hospitali, na karatasi yake ilikuwemo mle ndani ya nailoni.

Turudi kikaoni. Jibu la kwanza lilitoka kijana hajakaa. Tuna mzee wetu, mwalimu mstaafu, sote tunamwita Maalim hata mwenyekiti anayemzidi umri. Alisimama na fimbo yake.

"Sisi? Sisi ndio wabaguzi?"

Akaanza kuhesabu. Akaanza na Pemba ya baada ya Mapinduzi, watu wakichapwa viboko hadharani. Akaja njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wakipanga foleni kwa unga wa kupimiwa. Akaja 1995 na zile asilimia 50.2 kwa 49.8 za kura za urais tulizoambiwa tumeshindwa, ambazo hapa kila mtoto anazijua kwa moyo. Akafika Januari 2001, risasi zilizopigwa waandamanaji Pemba, waliokufa zaidi ya 30, na walionusurika wakavuka na mashua hadi Shimoni, Kenya, nchi yetu nayo ikatoa wakimbizi. Akamalizia na Januari 12, 2016, sherehe za Mapinduzi uwanja wa Amaan, lilipopitishwa bango mbele ya viongozi likisema machotara, Hizbu (jina la chama cha kabla ya Mapinduzi), Zanzibar ni nchi ya Waafrika. Aliposema hilo la mwisho sauti ilimkatika. Mama mmoja nyuma alikuwa analia waziwazi.

Hakuna alichokisema kikawa uongo. Na hapo ndipo nilipoanza kuona tatizo letu, kwa sababu kijana hakuuliza kama tumebaguliwa. Aliuliza jina lake limetolewa kwa nini. Maalim alijibu swali la watu wengine, akalijibu vizuri, na chumba kizima kikapumua kana kwamba jambo limekwisha.

Jibu la pili lilikuwa la nasaba. Ndani ya robo saa chumba kikajaa mabibi. Huyu bibi yake Mmanyema. Huyu Mzaramo. Huyu mama wa mama yake Mngazija. Katibu wa vijana akatoa Mmakonde ambaye miaka yote tuliyofahamiana sikuwahi kumsikia akitajwa hata siku moja. Mwenyekiti naye, mtu wa makini, akasema babu yake alikuwa Mnyasa, na akaahidi kuleta picha. Mimi kalamu mkononi sijui niandike nini. Zanzibar nani hana bibi wa namna hiyo? Waliouana Juni 1961, zile ghasia za uchaguzi zilizochukua roho za watu 68, nao walikuwa na mabibi. Bibi hazuii kitu.

La tatu lilikuwa fupi: "Umetumwa." Lilitoka kwa kijana mwenzake, mdogo kuliko yeye, waliyekuwa wakicheza keram pamoja. Nilimwona alivyoinama. Nadhani hilo lilimuuma kuliko hotuba ya Maalim.

Na la nne ndilo ninalolichukia hasa, kwa sababu linasemwa kwa upole: si wakati wake. Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, hoja yako tumeisikia, lakini tuvuke uchaguzi kwanza." Sisi hapa tuna uchaguzi kila baada ya miaka mitano. Mwaka mmoja ni wa kuupiga, mmoja wa kuulilia, mmoja wa kutafuta muafaka, na miwili ya kujiandaa na mwingine. Niambieni huo wakati wake uko wapi.

Tungeishia hapo lau Maalim asingerudi kwenye historia. Alisema, kwa nia ya kutuliza, kwamba kabla ya 1964 watu wa visiwa hivi walikuwa ndugu, hapakuwa na ubaguzi. Kijana akanyanyua uso.

"Maalim, shikamoo yako iko pale pale. Lakini Mkunazini palikuwa na nini kabla ya kanisa?"

Kimya. Kila mtu anajua palikuwa na nini. Soko la watumwa lilifungwa 1873, Sayyid Barghash akiwa na manowari za Kiingereza mlangoni, na utumwa wenyewe ukaendelea kutambuliwa na sheria mpaka 1897. Akaendelea: "Nyinyi historia yenu inaanza mlipopigwa. Yetu inaanza tulipouzwa. Tutaonana wapi?"

Babu yake yeye hakuuzwa, alikuja kwa miguu yake kutafuta kazi. Hilo Maalim alilisema, na alikuwa na haki kulisema. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuandika pembezoni mwa daftari miaka iliyotajwa na nani kaitaja, na picha niliyoipata sijaisahau. Kila aliyesimama alikuwa na mwaka wake wa kuanzia, na kila mwaka ulichaguliwa kwa namna moja: ni mwaka ambao kabla yake watu wake hawakuwa wamemfanyia mtu ubaya. Wa Mkunazini hataki kufika Januari 1964, kwa wale Waarabu waliozikwa kwa makundi mashamba. Wa 1964 hataki kurudi Mkunazini. Wa 2001 hana haja na yeyote kati yao. Mtu akianza na mwaka wake, ameshashinda mjadala kabla hajasema neno la pili.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikayafikiria zama za siasa, ile miaka ya ugomvi wa vyama kabla ya uhuru, maana bibi yangu alikuwa hachoki kuyasimulia. Hizbu ilianzia kwa wakulima wa Kiembe Samaki mwaka 1955, si kwa masultani kama wengi wanavyodhani, na ilihubiri kwamba raia wote ni wamoja bila kujali rangi. Maneno mazuri. Lakini mahubiri hayo hayo yalikuwa yakiwaita watu wa Bara wageni wasiostahiki kura. Afro-Shirazi ikaundwa 1957, ikasema Hizbu ni chama cha Waarabu. Hizbu ikajibu kuwa Afro-Shirazi ndio wabaguzi, wanataka kuleta mambo ya rangi kwenye nchi ya Kiislamu. Magazeti yao, Mwongozi huku na Afrika Kwetu kule, yakarushiana neno hilo hilo moja kwa miaka. Huku chini mashambani wakulima wakifukuzwa kwenye mashamba ya watu kwa kupiga kura kinyume na mwenye shamba, maduka yakisusiwa, watu wakisusiana mpaka maziko. Bibi alikuwa akisema kulikuwa na gari za abiria ambazo mtu wa chama fulani hapandi, bora atembee na kikapu kichwani.

Na Afro-Shirazi yenyewe ilipasuka 1959 kwa jambo hili hili lililokuwa mbele yetu. Washirazi, watu wanaojihesabu wenyeji wa visiwani, wengi wao wa Pemba, waliona chama kimeshikwa na watu wa asili ya Bara, wakatoka na Mohammed Shamte wakaunda chama chao, ZPPP. Uchaguzi wa 1963 Afro-Shirazi ikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31, ule muungano wa Hizbu na ZPPP ukachukua 18 ukaunda serikali. Uhuru Desemba 10. Mapinduzi Januari 12. Sisemi yote yalitokana na mpasuko ule, mambo hayaendi hivyo. Nasema hatukuwa wa kwanza kukaa chumbani tukiulizana nani mwenyeji zaidi.

Jambo moja dogo huwa linanichekesha. Mwingereza alipokuwa akihesabu watu kwa kabila, waliojiandikisha kuwa Waswahili mwaka 1924 walikuwa wengi, kufika 1948 walikuwa wamekaribia kwisha. Hawakufa wala hawakuhama. Waligeuka Washirazi, Wahadimu, Watumbatu, Waarabu, kila mmoja akaangalia upepo wa cheo na mgao unavuma wapi. Halafu leo wajukuu wao wanakaa barazani wakiapa kwa nasaba zao.

Kikao hakikuisha siku ile. Tuliitana tena, na safari hii niliomba nafasi mapema, jambo ambalo makatibu wanawake hatulifanyi sana, tumezoeshwa kuandika na kuagiza kahawa. Niliuliza swali la kikazi tu: muhtasari niandike nini?

Mwenyekiti akasema, "Andika hoja imejadiliwa na kuonekana haina msingi."

Kijana akasema, "Andika nilivyosema."

Nikawaambia muhtasari unaandika yaliyotendeka. Kama chama kina ubaguzi au hakina, hilo tungelijadili mpaka Ramadhani, kwa sababu kila mtu anaulizwa moyo wake na kila moyo utajibu hapana. Mjumbe ataje vitendo, kimoja kimoja, na kikao kiseme kwa kila kimoja: kimetendeka au hakikutendeka. Sikuitoa busara hiyo popote. Niliitoa kwenye uchovu, nilikuwa nimeshaandika kurasa nyingi za mabibi.

Akataja vitatu.

Cha kwanza orodha. Mzee aliyemvuta pembeni alikuwepo, akasema ndiyo, nilimwambia hivyo, na sikumwambia kwa ubaya. Hakuna aliyeweza kukikana.

Cha pili baraza letu la jioni, pale penye kahawa, na neno machogo, jina la kejeli la watu wa Bara. "Mnazungumza machogo hawa, machogo wale, wametujaa, wamechukua biashara. Nikitokea tu mnahamia kwenye mpira. Mimi mpira wenyewe siujui." Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mwanachama mmoja akasema, "Lakini yakhe, wewe si tunakuhesabu mwenzetu?" Akamjibu, "Ndiyo maana mnaniona nikija." Hapo hata Maalim alitikisa kichwa.

Cha tatu hakuna aliyekitarajia. Kulikuwa na mwanachama mwenzetu kijana, jina lake halina haja, aliyemtaka dada wa huyu bwana. Walipendana, wakaelewana, ikabaki wazee. Mama wa mwanamume akasema kwao hawaoi huko. Si kwa tabia, si kwa dini, msichana ana darasa na ana dini. Huko. Na mama huyo ni mtu wa mbele kabisa kwenye mikutano yetu, kanga yake ya chama haichuji.

Chumba kikalipuka. Waliosema ndoa si mambo ya tawi, waliosema aibu kumtaja mama wa mtu, waliotaka kutoka. Kisha akasimama bi mkubwa mmoja wa Malindi ambaye huwa hasemi, huja akakaa kwenye kiti chake cha plastiki na tasbihi mpaka dua. Akasema, "Chama chochote kisitie mkono kwenye ndoa. Walishautia. Mnataka kuturudisha 1970?"

Kwa vijana wengine mle ndani mwaka huo haukuwa na maana. Bi mkubwa akawaeleza. Mwaka ule wasichana wanne wa asili ya Kiirani walichukuliwa wakaozeshwa kwa nguvu wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, wanaume wa umri wa baba zao, na jamaa zao waliopinga wakatiwa ndani. Na sababu iliyotolewa ilikuwa hii hii, akasema: kuondoa ubaguzi. Kwamba hawa wanajiona, hawataki kuolewa na Waafrika, basi serikali itawachanganya. Akasema yeye alikuwa kigori mwaka huo, na mama yake alimtia kufuli chumbani kila jua likizama. "Mtu akinambia nataka kuondoa ubaguzi, mimi naangalia mlango."

Sidhani kama nimewahi kusikia kitu kizito kuliko hicho kwenye kikao cha siasa, na nimevikaa vingi. Kwa sababu alikuwa sahihi, na kijana naye alikuwa sahihi, na usahihi wa mmoja haukumsaidia mwingine.

Kijana alimjibu kwa adabu sana. "Bibi, sitaki chama kimwozeshe dada yangu. Atapata mume. Nataka mwenzangu huyu, niliyelala naye polisi kwa ajili ya bendera, aitaje hapa sababu aliyoipewa nyumbani kwao. Aitaje tu." Yule mwenzake alitazama sakafu. Hakuitaja. Na kwa kweli hatukumngoja sana, mwenyekiti akaliruka.

Tulikubaliana posa isiingie kwenye muhtasari, kijana mwenyewe ndiye aliyependekeza. Nikaandika kwamba mjumbe ameondolewa kwenye orodha ya mawakala, kwamba kikao kimethibitisha sababu ni sura na asili yake, na kwamba anarudishwa. Mwenyekiti hakulitaka neno sura. Alitaka sababu za kiutendaji. Nikamwambia, "Mwenyekiti, utendaji gani? Hajatenda bado, tumemtoa kabla." Alisaini, lakini kwa wino wa hasira, kalamu ilitoboa karatasi.

Gharama ilikuwepo. Kesho yake asubuhi maskani ya wenzetu, pale wanapokaa wafuasi wa chama tawala, walishapata habari, kwa njia zao, na ubao wao ukaandikwa kwa chaki kwamba tumekiri wenyewe. Kuna wanachama walionilaumu mimi na muhtasari wangu: tumempa adui fimbo. Niliwaambia fimbo hiyo anayo tangu 1957, anaitumia tupende tusipende, tofauti ni kama tutakuwa na la kumjibu au tutatoa tena mabibi. Wengine walinielewa, wengine hawanisemeshi vizuri mpaka leo. Na ubao nao ulifutwa ukaandikwa mengine, ubao hauna subira.

Maalim aliacha kuja. Nikamfuata nyumbani kwake na boflo na nusu kilo ya tende, maana kwa mtu wa umri ule hukwendi mikono mitupu kuomba kueleweshwa. Tulikaa ukumbini. Hakunizunguka.

"Mwanangu, mimi sikatai alichokisema. Nakataa kukisikia kutoka kwake."

Nikamuuliza kwa nini. Akanyamaza, kisha akanisimulia kaka yake, alichukuliwa usiku mwaka 1964 na hakuonekana tena, na waliomchukua aliwajua, walikuwa wa mtaa ule ule, wenye sura kama ya huyu kijana. "Najua si yeye. Hata baba yake hakuwa amezaliwa vizuri. Lakini anaposimama kunambia mbaguzi, mimi simuoni yeye." Sikumjibu. Nisingekuwa na jibu, na sikwenda pale kushinda. Nilimwomba arudi tu, akae hata kama hasemi. Alirudi baada ya kufariki Maalim Seif Sharif Hamad, kinara wa upinzani wa Zanzibar kwa miaka mingi, Februari 2021, tulipokutana kumsomea hitima. Yeye na kijana walipeana mkono. Sijui walisemezana nini, na sikuuliza.

Kazi ya uwakala kijana aliifanya vizuri, vizuri kwa namna iliyowaudhi baadhi yetu. Anatazama kwanza kitambulisho, tarehe, jina la shehia, halafu ndiyo anamtazama mwenye nacho. Pingamizi alizoweka alizitetea kwa karatasi. Asipokuwa na karatasi anamwacha mtu apite, hata awe anaongea kama kashuka na boti ya asubuhi. Wapo wanaosema mpaka sasa kwamba alitupitishia mamluki. Nikiwauliza nani, wananitajia sura.

Barazani mazungumzo hayajabadilika sana, nisiwadanganye. Ila siku hizi akitokea hawahamii mpira. Wanabishana naye, kwa makelele, kahawa inamwagika, na naona hiyo ni hatua kubwa kuliko muhtasari wangu wote.

Dada yake aliolewa mwaka uliofuata, Fuoni, na mwanamume asiyejua chama hata kimoja, fundi wa mafriji. Tulikwenda wote. Yule mama aliyemkataa naye alikuja, na sikushangaa, kwetu mtu anaweza kukukatalia mtoto na bado akaja kukupikia pilau la harusi. Alikaa nasi uani kwenye mkeka, tukimenya vitunguu saumu, mikono yake myepesi kuliko yetu sote. Alimsifu bi harusi, akamwombea kizazi chema, na najua alikuwa anasema kweli. Kisha akanisogelea, kisu mkononi, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na huyu bwana harusi, kwao wapi hasa?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua.